Mwaka Maji Yaliposhiba Chumvi

Dickson alinipigia simu asubuhi, saa ile ninajaza chupa za chai, watu wa ofisi wakianza kuingia, na akaongea na mimi kama mtu tuliyeachana naye jana. "Dada Jentrix, Mama ametuacha." Mama yake ni Senje Rosalia, shangazi yangu, aliyenilea mpaka siku aliyonitupa. Nikasema nimesikia, nikamwekea mteja maandazi yake. Dickson akakohoa. "Wazee wamekaa, dada. Wamesema hatuwezi kumshusha Mama kaburini na neno lako likiwa bado liko nje. Njoo nyumbani. Pika chai hapa, utupe kwa mkono wako, tuinywe mbele ya watu, hii kitu iishe." Nikamuuliza, "Na nani ataanza kukunywa?" Akasema, "Mimi. Mimi mwenyewe wa kwanza." Hapo ndipo nikakaa kwenye benchi ya wateja, kitu ambacho sifanyangi saa za kazi, mpaka msichana wangu wa vyombo akauliza kama nimeambiwa habari mbaya. Nikamwambia hapana, ni nzuri, ila imechelewa.

Mtu asiyetoka kwetu hawezi kujua uzito wa maneno hayo. Mimi nina hoteli ya mabati hapa Amalemba, mjini Kakamega, na mkono huu unalisha karani, fundi, polisi na mwanafunzi. Wanakula, wanapangusa mdomo, wanarudi kesho. Lakini kule kwetu, njia ya kwenda Butali, mahali ambapo naweza kufika na kurudi kabla sufuria ya maharagwe haijaiva, hakuna mtu amekula kitu nilichokishika tangu nikiwa darasa la sita. Kule mimi ni msichana wa sumu. Kuna watoto hawajawahi kuniona na wanalijua jina langu, kwa sababu mama zao huwatisha nalo. Nimeenda matanga huko, nikashika mwiko kama mwanamke mwingine yeyote wa ukoo, na mara mtu ananishika kiwiko polepole, "Wewe pumzika, mgeni wetu." Mgeni! Sikusoma sana, niliishia hapo hapo darasa la sita, kwa hivyo mtu asitafute humu Kiswahili cha redio. Nitasema vile ninavyosemanga. Na majina nitayataja, kwa sababu wao hawakuona haya kutaja langu.

Nilifikaje kwa Senje si hadithi ya leo. Nilikuwa pale, basi, na nililala stoo. Kuna wakati nikiingia duka la dawa za mifugo hapa mjini ile harufu inanirudisha: kamba za katani, bomba la kupulizia kupe, majembe, mahindi yaliyoanza kuliwa na wadudu, na gunia la chumvi ya ng'ombe lililokaa karibu na kichwa changu. Mkeka wangu ulikuwa kati ya gunia na ukuta. Ukuta ulikuwa wa udongo na haukufika juu, kwa hivyo maneno ya sebuleni yalikuwa yanapanda, yanapita chini ya mabati na kuniangukia mimi. Nilijua mambo ya nyumba ile kuliko wenye nyumba. Nilijua Senje anampa Dickson paja la kuku na kumwambia mke wa Dickson kwamba kuku alikuwa mdogo. Mimi nilikuwa nakula mwisho, jikoni, ule ukoko wa obusuma, ugali wetu, unaobaki kwenye sufuria, nikiuchovya kwenye mrenda, na siku nyingine mrenda wenyewe ulikuwa umekwisha nikauchovya kwenye maji yaliyosuuzia chungu. Sisemi hivyo ili nihurumiwe. Nasema ili ijulikane kwamba katika nyumba ile mimi nilikuwa wa mwisho katika kila kitu, na kila mtu aliyeingia pale aliliona hilo hata kabla hajakaribishwa kiti.

Aliyekuwa anakaribishwa kiti sana ni Mtumishi Jafeth Ambundo. Alikuwa na kanisa lake la mabati, pikipiki nyekundu, na mikono laini kama ya mtoto. Mchana mmoja nilikuwa stoo nachambua maharagwe, nikawasikia. Miaka ile kampuni ya miwa ilikuwa inawapa wakulima mbolea ya yuria, ile nyeupe, waimwage kwa miwa, na Senje ya kwake hakuwa anaimwaga. Alikuwa anaiuza kupitia kwa Mtumishi. Miwa yake ilisimama shambani ya manjano kama mgonjwa wa ini, na yeye akawa anasema ni udongo. Siku hiyo alikuwa na hofu. "Mtu wa kampuni atazunguka wiki hii," akasema. "Akikuta magunia yake kwangu nitamwambia nini?" Mtumishi akacheka kile kicheko chake cha puani. "Mama Dickson, yuria na chumvi si ni ndugu? Zote nyeupe. Imimine kwa gunia tupu la chumvi, ufunge. Nani huonjanga chumvi ya ng'ombe?" Jioni nilipotoka mtoni nilikuta magunia mawili ya chumvi mahali palipokuwa na moja, yamefungwa kwa kamba moja, yamesimama pamoja kama mapacha. Nikalala karibu nayo. Sikuwaza kitu. Nani angeniuliza?

Na ajabu ni kwamba wiki zile zile ndizo Mwalimu Lubanga alipotufundisha kuyeyusha. Nitakuwa mkweli juu ya yule mtu, ingawa hastahili: alijua kufundisha. Alituambia kila mmoja alete kitu cha nyumbani, akapanga mikebe mitupu ya mafuta ya kupikia kwenye dawati la mbele, maji sawa sawa katika kila mkebe, akasema, "Leo tunapima ulafi wa maji." Sukari alileta yeye mwenyewe, kwa maana hakuna mtoto wa kwetu angetoka na sukari nyumbani na kubaki hai. Iliingia kijiko juu ya kijiko, sisi tukimeza mate, na maji hayakusema imetosha. Unga wa mahindi ulituhadaa. Maji yakawa meupe, tukapiga makofi, na baada ya kuimba wimbo mmoja unga wote ulikuwa umelala chini. "Huyo ni mnafiki," Mwalimu akasema. "Amechafua maji, hakuyeyuka." Chaki ilikaa kama chaki. Majivu yalibaki matope, lakini maji yake yakawa ya kuteleza, na wasichana tukayajua mara moja, kwa kuwa ndiyo munyu wa kupikia mrenda. Halafu chumvi. Chumvi iliingia vizuri, ikaingia, kisha ikakataa. Tulikoroga mpaka mkono ukachoka, ile ya mwisho ikawa inazunguka tu na kurudi kulala. Mimi nikasema chumvi imeharibika. Mwalimu akanisimamisha. "Jentrix, ukimjaza mgeni obusuma mpaka akakataa, utasema obusuma ni mbaya?" Nikasema hapana, Mwalimu, mgeni ameshiba. Akapiga dawati kwa furaha. "Maji yameshiba! Chumvi haina kosa. Hata ungekuwa malaika unakoroga, haitayeyuka tena." Wa mwisho alikuwa mtoto wa mkata miwa mmoja, alileta yuria kwenye karatasi. Hiyo ilipita chumvi mbali, ikawa inafuata nyuma ya sukari, na ilipokuwa inayeyuka mkebe ukawa baridi mpaka ukatoa jasho nje. Tukaupitisha shavu kwa shavu tukipiga kelele. Mwalimu akasema yuria ikiyeyuka inaiba joto la maji, na tusiionje kwa sababu ni sumu, ni ya miwa, si ya mtu wala mnyama. Siku hiyo aliniambia mbele ya darasa, "Wewe utafika sekondari, nitahakikisha." Neno hilo nililala nalo stoo kama blanketi.

Sasa yule fahali. Dickson alikuwa na fahali wa kupigana, wale wanaoenda kushindana upande wa Shinyalu, na alikuwa amempa jina Kesi Baadaye. Watu walicheka jina na wakampenda fahali. Alikuwa anakula kuliko mimi na alisifiwa kuliko mke wa Dickson. Ilikuwa kawaida asubuhi ya pambano kumnyima majani na kumpa ndoo ya maji ya chumvi, ya kumtia kiu ya vita, Dickson alikuwa anasema hivyo. Asubuhi ile boma lilikuwa limejaa. Ngoma za isukuti zilikuwa zimeanza, vijana wamefunga majani kichwani, na Mwalimu Lubanga mwenyewe alikuwa amekuja na shati lake la Jumapili kuwasindikiza. Dickson akaingia stoo, akafungua gunia, akachota kwa bakuli, akakoroga ndoo, akaniita. "Wewe, peleka." Nikaishika ndoo. Ilikuwa baridi. Si baridi ya maji ya asubuhi. Baridi ya kuuma vidole, na nje imetoa jasho. Nikasema, "Dickson, hii ndoo ni baridi sana." Akasema, "Unataka ikupikie uji? Beba!" Nikasema tena, "Umechota gunia gani?" Akanipiga kofi la shingo, si kwa hasira, kwa mazoea. Nikabeba. Nilikuwa mtoto wa kutumwa, na mtoto wa kutumwa akirudisha ndoo anapigwa nayo. Kesi Baadaye akanywa yote, akalamba ukingo.

Hakufika barabarani. Aliinua kichwa kana kwamba ameitwa, miguu ikaanza kutetemeka, ngozi yote ikawa inacheza, tumbo likajaa kama limepulizwa, povu likatoka. Alianguka kwenye lango na ngoma zikanyamaza moja moja. Watu wote walikimbilia lango, ila Dickson. Yeye alikimbia stoo. Na mimi, kwa kuwa ndoo bado ilikuwa mkononi na stoo ndiyo chumba changu, nilimfuata. Nilimwona kwa macho haya akiingiza kidole kwenye gunia alilochota, akalamba, akatema. Akaingiza kwenye lile la pili, akalamba, akatulia. Kisha akageuka akaniona mlangoni. Tuliangaliana. Mtu mzima na mtoto, na sisi wawili tukajua kitu kimoja. Akanipita, akaenda kwa mama yake, akamnong'oneza, nikaona Senje anashika kifua. Hapo ndipo Senje alipoanza kupiga mayowe kwamba fahali amelishwa sumu na ni nani alibeba ndoo.

Mtumishi Ambundo alifika na pikipiki yake kabla nzi hawajafika. Akazungumza na Senje nyuma ya nyumba, akarudi ameinua mikono, akasema Mungu atalitoa jambo hili nje kwa Kikombe cha Agano. Watu wakasema amina. Walikijua kikombe hicho, alikuwa amekifanya katika maboma mengi. Kinatolewa kikombe kimoja cha maji, na kila mtu wa nyumba, kwa heshima yake, mkubwa kwanza, anatia kijiko cha chumvi na kusema, "Kama mkono wangu ni safi, chumvi hii iyeyuke." Kikombe ni kimoja kwa sababu agano ni moja. Ya mwenye hatia inakataa kuyeyuka. Nimekuwa na miaka mingi ya kufikiria kikombe hicho nikikoroga chai za watu, na nataka kila mtu aliyepata kukitazama akumbuke vizuri ni nani alikuwa anapatikana. Kwa kina Shisia alikuwa mchunga ng'ombe. Kule ng'ambo ya mto alikuwa msichana wa kazi. Kwa mzee mmoja aliyekuwa mkubwa wa kanisa alikuwa mkaza mwana aliyeolewa juzi. Hakuna hata siku moja ambayo Mungu wa Ambundo alimkamata mtu aliyetia chumvi wa kwanza. Sijui kama alijua maji hushiba. Alijua kinachomtosha: anayekuja mwisho ndiye anayebaki na hatia.

Na kitu kingine. Nyumba ile ilikuwa na magunia ya chumvi stoo, kila mtu alijua, na Mtumishi akamtuma mtu mbio dukani kununua pakiti. Kwa nini? Hakuna aliyeuliza. Mtumishi mwenyewe alileta kikombe kidogo cha bati chenye maua, kile Senje alichokuwa ananywea dawa, na kijiko cha mezani. Senje akaanza, akalia kidogo, akakoroga, chumvi ikaisha. Amina. Dickson akatia, akakoroga kwa nguvu, hakutazama upande wangu. Amina. Mke wa Dickson akatia, akakoroga muda mrefu akitoka jasho, ikaisha kwa shida. Wale majirani wawili waliolala pale kulinda fahali wakatia vya kwao, na mimi, niliyekuwa karibu, niliona chini ya kikombe pameanza kuwa peupe, lakini Mtumishi alikuwa anakoroga mwenyewe sasa na anasema amina kabla maji hayajatulia. Kisha akaniita. "Njoo, msichana." Nikatia kijiko changu. Nikasema maneno. Nikakoroga. Ilizunguka, ikarudi, ikalala. Nikakoroga tena. Watu wakasogea karibu vile watu wanasogeanga wakisubiri kufurahi.

Nikasema, "Maji yameshiba." Nilisema kwa sauti ya darasani, mikono nyuma, vile tulivyofundishwa kujibu. "Maji yameshiba chumvi. Mpeni kila mtu kikombe chake, mtaona." Mmoja wa wale majirani, anaitwa Elam Shitsama na bado yuko hai, akapiga paja lake. "Ati yameshiba! Yamekula obusuma na nini, na ingokho, kuku mzima?" Watu wakacheka, wengine mpaka machozi, na fahali bado amelala langoni. Nikasema, "Na ndoo ilikuwa baridi. Ni yuria. Iko stoo kwa gunia la chumvi, nendeni muonje." Senje akaruka kutoka kitini. "Mnasikia? Anajua hata sumu gani! Mtoto amejuaje sumu?" Basi nikamtafuta Mwalimu Lubanga. Alikuwa amesimama karibu na mti wa parachichi, kofia mkononi. Niliona amekwisha kuelewa. Mtu aliyepiga dawati kwa furaha siku ile angekosaje kuelewa? Nikamwita, "Mwalimu, waambie. Hata malaika akikoroga. Si ulisema?" Kila mtu akageuka. Mwalimu akasogea, akachukua kikombe, akakiinua kwenye mwanga, akaangalia chini yake. Akamwangalia Mtumishi, aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya shule. Mtumishi akatabasamu, akasema kwa upole, "Mwalimu, tusaidie. Sayansi inasema nini?" Lubanga akaweka kikombe mezani polepole, asimwage hata tone. Akasema, "Mambo ya darasani yabaki darasani." Kisha akavaa kofia yake. Nimewasamehe watu wachache maishani na yeye hayumo. Waliobaki walikuwa waongo na wezi, na mtu hashangai mwizi akiiba. Yeye alikuwa na ukweli mzima mkononi, ndani ya kikombe, akaurudisha mezani.

Waliobaki walifanya kazi yao. Nilipigwa kwa vijiti vya miwa, na miwa ina vifundo. Dickson ndiye aliyekivunja kidole hiki cha kati ambacho hakikunjiki, na nikiwahesabia wateja chenji wanadhani ninajidai. Kisha Mtumishi akasema kama bado ninakana, ninywe kikombe, kwa kuwa mwenye haki hadhuriwi na agano. Senje akanishika kichwa. Mikono yake ilinukia vitunguu. Hiyo ndiyo mara ya mwisho alinishika. Nilinywa yale maji na ile chumvi ya chini wakanisukumia kwa kijiko. Mtu akitaka kujua kushiba kwa maji, asisome, anywe. Nilitapika mpaka ikatoka damu, na naambiwa kutapika ndiko kuliniokoa, kisha nikaona kiu ambayo sijaipatia jina hadi leo, na miguu ikaanza kucheza kama ya Kesi Baadaye. Wakaogopa. Wakanitoa nje ya lango, wakaniweka nyasini mbali kidogo na fahali. Dereva wa trekta la miwa aliyekuwa anapita, mtu ambaye sikuwahi kumjua jina, ndiye aliyenipandisha akanipeleka Kakamega hospitali juu ya mzigo wake. Nesi aliyenipokea alikuwa mkali. "Nani amemnywesha mtoto chumvi hivi? Nani?" Dereva akasema, "Mama, mimi nimemwokota tu." Hakuna mtu wa kwetu aliyekuja. Kila mlango wa wodi ulipofunguka nilidhani ni Mwalimu, na niliendelea kudhani kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Nilipotoka nilianza kuosha vyombo katika hoteli ya mama mmoja karibu na stendi, na mengine ni maisha ya kila mtu: kazi, watoto, kodi. Kule nyumbani hadithi ilibaki mikononi mwa waliokuwa nayo.

Lubanga alikuja hapa Amalemba mara moja, akiwa amestaafu, fimbo mkononi. Akaagiza chai. Nilimjua kabla hajakaa. Akatia sukari, akakoroga, akakoroga tena hata baada ya sukari kuisha, akitazama ndani. Akasema, "Jentrix, wakati ule ulikuwa mgumu." Nikasema, "Kwa nani, Mwalimu?" Akanywa yote, akalipa, akaondoka. Wengine wananiambia ile ilikuwa toba. Mimi nasema yeye ndiye mtu pekee wa kule aliyewahi kunywa kwa mkono wangu, na hata yeye alikunywa mjini, mahali hakuna wa kwao aliyemwona. Alikufa mwaka jana. Sikwenda.

Lakini kwa Senje nilienda. Nilivaa vizuri. Nilibeba majani yangu mwenyewe na sukari yangu mwenyewe, nikapika chai pale uani kwenye moto ambao wanawake waliuachia nafasi kubwa kuliko moto unavyohitaji. Hema lilijaa. Ambundo alikuwa amekaa mstari wa mbele, mzee sasa, blanketi magotini, mikono bado laini. Dickson amekuwa mkubwa wa kanisa, ana tumbo na koti. Akashika kipaza sauti, akasema, "Ndugu zangu, leo dada yetu amekuja. Yaliyopita yamepita. Atanipa chai, nitakunywa, na tutamzika Mama kwa amani." Watu wakasema amina, ile amina ya wanaongoja kuona. Nikamimina kikombe, nikatia sukari, nikakoroga, nikakibeba juu ya kisahani mpaka mbele. Nikasema, na kipaza sauti kikashika, "Kabla hujanywa, Dickson, waambie kilichokuwa kwa gunia. Ulilamba, nilikuona." Akatabasamu kwa watu, akainama, akaniambia kwa chini, "Dada, tusifukue. Mama yuko hapa mbele yetu." Nikasema, "Basi kunywa."

Akapokea kikombe kwa mikono miwili. Akakipandisha. Na hapo, kabla hakijafika mdomoni, nikaona macho yake yameshuka. Alikuwa anatazama chini ya kikombe. Alikiinamisha kidogo, akangoja, akaangalia kama kuna kitu kimelala. Yeye! Katika hema lile lote ni watu wawili tu waliobaki wanaojua kwa hakika kwamba mimi sijawahi kumlisha kiumbe sumu, Ambundo na yeye, na ndiye aliyekuwa anatafuta sumu. Wale wengine wananiogopa kwa sababu ya uongo waliolishwa. Dickson ananiogopa kwa sababu anajua alichonifanyia. Jasho likamtoka kwenye paji. Akacheka kidogo, akasogeza kikombe kwangu, na kile kipaza sauti bado kiko wazi. "Onja kwanza, dada. Si unajua, ni desturi tu." Na ni kweli, kwetu anayetoa huonja kwanza, hata pombe, hata uji. Hema lote likaniangalia. Ningeonja, angekunywa, na mambo yangeisha kama alivyotaka yeye. Ambundo akasema kutoka kitini kwake, "Onja tu, msichana."

Msichana. Nina wajukuu.

"Ile ndoo uliichanganya wewe," nikasema. "Hukuonja."

Nikaweka kisahani juu ya meza, mbele ya jeneza, nikachukua sufuria yangu na mwiko wangu, nikapita katikati ya viti. Hakuna aliyenishika kiwiko. Jirani mmoja alinipigia simu baada ya wiki, akaniambia walimzika Senje jioni ile wakiharakisha, na kwamba Dickson aliweka kile kikombe juu ya kisahani akahubiri akiwa amekipa mgongo. Chai ilipoa ikafanya ngozi. Wakakunja hema, wakarudisha viti vya kukodi, wakabeba meza zote ila ile. Kikombe kiko pale pale, hakuna anayekunywa na hakuna anayethubutu kumwaga. Kilikuwa na majani, maziwa na sukari vijiko viwili, na sukari yote ilikuwa imeyeyuka.